M-Pesa: Ushindi Uliojengwa Dukani

Inapotajwa kampuni ya Afrika Mashariki iliyotumia teknolojia kuwaacha wapinzani wake mbali, Safaricom ya Kenya hutangulia midomoni mwa watu, na sababu inayotolewa ni moja: M-Pesa. Masimulizi yenyewe huwa mafupi. Tarehe 6 Machi 2007 kampuni ilizindua huduma ya kutuma pesa kwa simu, wananchi wakaipokea kwa mikono miwili, na tangu hapo hakuna aliyeifikia. Yote hayo ni kweli, ila hayaelezi ushindi ulitoka wapi. Huduma ya namna hiyo haikuwa ya kwanza duniani. Ufilipino walikuwa na Smart Money tangu 2001, na GCash ikafuata mwaka 2004. Programu ya M-Pesa iliandikwa Uingereza na kampuni ya Sagentia ya Cambridge, kwa agizo la Vodafone, mbia mkubwa wa Safaricom, na Vodafone hiyohiyo iliipeleka baadaye katika nchi nyingi nyingine. Kama siri ingekuwa ndani ya programu, M-Pesa ingeshinda kila ilikopelekwa. Haikushinda. Nchi kadhaa iliingia kwa vishindo na kufungwa baada ya miaka michache. Kwa hiyo anayetaka kujua Safaricom iliwashindaje wenzake hana budi kuiacha simu kidogo na kulitazama duka: nani aliwekwa nyuma ya kaunta, alilipwa nini, na alizuiwa kufanya nini.

Chimbuko la huduma hii lilikuwa jambo dogo. Serikali ya Uingereza, kupitia idara yake ya misaada ya maendeleo, ilikuwa na mfuko wa kushirikiana na makampuni binafsi ili huduma za fedha ziwafikie watu wasio na benki. Nick Hughes, ofisa wa Vodafone, aliomba fedha hizo. Mfuko ulitoa karibu pauni milioni 1, na Vodafone ikaweka kiasi kama hicho. Susie Lonie akapelekwa Kenya kusimamia majaribio yaliyoanza Oktoba 2005, yakiwahusisha wateja wasiofika 500 wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, huko Nairobi na Thika. Lengo lilikuwa mwanakikundi aliyekopa alipe marejesho yake kwa simu, asihangaike na noti. Waliopewa huduma wakaigeuza watakavyo. Walilipana wao kwa wao kwa bidhaa na kazi, waliwanunulia ndugu zao wa mbali muda wa maongezi, na wafanyabiashara waliweka pesa asubuhi mji mmoja wakazitoa mji mwingine saa chache baadaye, ili wasisafiri na fedha mfukoni. Faulu, kwa upande wake, ilitaabika kulinganisha vitabu vyake na taarifa za simu, na mikutano ya vikundi, iliyokuwa ikiwafanya wakopaji waoneane haya kutolipa, ikaanza kulegea.

Waliosimamia majaribio wangeweza kusema wateja wamekosea, kisha wakaongeza mafunzo. Walifanya kinyume. Waliachana na mikopo, wakachukua lile ambalo watu walilionyesha kwa vitendo, na M-Pesa ikaingia sokoni ikiwa na ahadi moja tu ya kuwaambia wananchi: tuma pesa nyumbani. Huo ndio uamuzi wa kwanza wa kimkakati katika historia hii, na ulitokana na kuwatazama wateja wachache kwa makini. Ahadi yenyewe iligusa penye uhitaji. Utafiti wa FinAccess wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa chini ya mtu mzima mmoja kati ya watano nchini Kenya alikuwa na akaunti ya benki. Aliyefanya kazi Nairobi na wazazi wake wakiwa Siaya au Kitui alimkabidhi pesa ndugu anayesafiri au dereva wa basi, la sivyo alipanga foleni Posta. Pesa zilichelewa, na nyingine hazikufika.

Safaricom ilikuwa imejizoeza kumhudumia mtu wa namna hiyo. Ilipoanza ushindani na Kencell mwaka 2000, Kencell ilitoza simu kwa dakika, na Safaricom chini ya mkurugenzi wake mkuu Michael Joseph ikatoza kwa sekunde. Kwa mwenye mshahara mkubwa tofauti hiyo ni ndogo. Kwa anayetaka kusema tu kwamba mzigo umefika, ndiyo iliyomfanya anunue laini. Mwaka 2005 ikaja Sambaza, ya kumrushia mwenzako sehemu ya salio lako, na tayari mamilioni ya watu wakawa wamezoea kuona thamani ikihama kutoka simu moja hadi nyingine. Ilipofika 2007 kampuni ilikuwa na wateja wapatao milioni 6 na wauzaji wa vocha kila kituo cha matatu. Hakuna lolote katika hayo lililokuwa teknolojia ngumu. Yalikuwa mazoea ya kibiashara yaliyojengwa kwa miaka saba, na mpinzani hawezi kununua miaka saba.

Bei za uzinduzi zastahili kuangaliwa kwa karibu, maana humo ndimo mkakati ulimofichwa. Kujisajili kulikuwa bure, na kuweka pesa kulikuwa bure. Kumtumia mtu aliyejisajili kuligharimu shilingi 30, iwe umetuma 100 au 35,000. Kumtumia asiyejisajili kuligharimu kuanzia shilingi 75 hadi 400, kulingana na kiasi, na yeye angezitoa bila kukatwa kitu. Mzigo wote wa kumtumia asiyejisajili, kwa hiyo, ulimwangukia mtumaji, ambaye ndiye mwenye sauti katika familia kuhusu pesa hiyo. Kijana aliyeona anakatwa shilingi 75 kila mwezi, na angeweza kukatwa 30, alimpigia mama yake na kumwambia achukue kitambulisho aende kujisajili. Kampuni haikuhitaji kumtuma mtu wa mauzo katika kila kijiji, kwa kuwa watoto wa kijiji hicho waliokuwa mjini waliifanya kazi hiyo kwa faida yao wenyewe.

Hata hivyo mama akijisajili halafu asipate pesa taslimu, kazi yote ni bure, na hapa tunafika kwenye kiini cha jambo. Mteja anampa wakala, yaani mwenye duka anayetoa huduma hiyo, shilingi 2,000. Wakala anabonyeza simu ya duka, na floti ya shilingi 2,000, yaani pesa ya simu aliyoinunua mapema, inahama kutoka akaunti yake kwenda kwa mteja: droo imejaa, floti imepungua. Akija mwingine kutoa 1,500, mambo yanageuka. Wakala wa mjini huishiwa floti kwa sababu watu huweka. Wa kijijini huishiwa noti kwa sababu watu hutoa, hasa mwisho wa mwezi na shule zinapofunguliwa. Mzee aliyetembea saa mbili kufuata pesa ya mwanawe akaambiwa hakuna noti leo, hatarudi, na atawaeleza majirani. Hakuna programu inayoweza kumtatulia mzee yule shida yake. Inatatuliwa na mwenye duka aliyefunga safari ya benki asubuhi, akabadilisha floti kuwa noti, akarudi kabla ya saa nne. Na mwenye duka hatafunga safari hiyo asipoona maslahi yake.

Safaricom ilielewa hilo mapema. Ilimlipa wakala kamisheni kwa kila muamala wa kuweka, ingawa mteja mwenyewe hakulipa kitu, ikimaanisha kwamba mwanzoni kampuni ilitoa pesa mfukoni mwake kila mtu alipoweka akiba. Ililipa pia kwa kila mteja aliyesajiliwa. Ilizuia mawakala wasiongezeke haraka kuliko wateja, kwa kuwa wakala mwenye wateja watatu kwa siku hawezi kuacha mtaji wake ulale kwenye floti wakati sukari na unga vinauzwa. Iliwapa mawakala wakuu na benki kazi ya kuwabadilishia wadogo floti na noti, na ikaikodi kampuni ya Top Image kuzunguka madukani, kufundisha na kukagua: rangi ya kijani ukutani, bango la bei mahali panapoonekana, daftari ambamo kila muamala uliandikwa namba yake ya uthibitisho, kiasi, namba ya kitambulisho, na mteja akatia saini. Watu wa mitambo hulidharau daftari lile. Kwa mteja ambaye hajawahi kuingia benki lilikuwa sehemu ya uaminifu, pamoja na ujumbe mfupi uliolia kwenye simu yake kabla hajaondoka kaunta.

Uaminifu huo ulijaribiwa mapema. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, barabara zikiwa zimefungwa na maduka mengi hayafunguliwi, waliokuwa wamekwama walitumiwa pesa na muda wa maongezi kwa simu. Mwaka uliofuata, Desemba 2008, kaimu Waziri wa Fedha John Michuki alitilia shaka hadharani mwisho wa huduma hiyo, na ukaguzi ukaagizwa. Benki Kuu ilikuwa imeiruhusu M-Pesa ianze mwaka 2007 kwa barua ya kutokuwa na pingamizi, bila kungoja sheria mpya, kwa sharti kwamba fedha za wateja zikae benki katika akaunti ya udhamini ambayo kampuni haiwezi kuzitumia. Januari 2009 wananchi waliambiwa kuwa huduma ni salama. Kufikia Machi 2010 wateja walikuwa zaidi ya milioni 9.

Ushahidi mzuri zaidi wa hoja hii uko ng'ambo ya mpaka wa Namanga. Aprili 2008 Vodacom Tanzania ilizindua M-Pesa yenye jina lilelile na mtambo wa ukoo uleule. Baada ya miezi 14 ilikuwa na wateja wapatao 280,000. Safaricom, katika muda kama huo tangu izindue, ilikuwa imepata wapatao milioni 2.7. Tanzania ni kubwa zaidi, miji yake imetawanyika, na mawakala wa Vodacom hawakufika elfu moja. Soko nalo lilikuwa limegawanyika kati ya Vodacom, Tigo, Zain na Zantel, hivyo ndugu unayetaka kumtumia huenda alikuwa mtandao mwingine. Vodacom haikubadili teknolojia ili kujinasua. Ilirekebisha namna ya kuwapata, kuwalipa na kuwasimamia mawakala, na huduma ikapaa, hata leo Mtanzania akiomba msaada husema umtumie "na ya kutolea", yaani uongeze na ada ya wakala.

Wapo watakaosema kwamba ninazunguka bure: Safaricom ilikuwa kubwa tayari, na mkubwa hushinda. Pingamizi hili lina uzito. Mtandao wa kutuma pesa una faida kwa kadiri ya watu waliomo, na aliyeanza na wateja milioni 6 alianza mbele. Lakini ukubwa peke yake hautoshi, na Afrika Kusini ni shahidi. Vodacom ya huko, yenye wateja wengi kuliko kampuni nyingine yoyote ya simu nchini humo, ilizindua M-Pesa mwaka 2010 pamoja na benki ya Nedbank, ikitumaini wateja milioni 10 katika miaka mitatu. Ilijaribu upya mwaka 2014. Tarehe 30 Juni 2016 ilifunga. Waafrika Kusini wengi walikuwa na kadi za benki na maduka makubwa yaliyotuma pesa kwa bei nafuu, masharti ya kumsajili mteja yalikuwa mazito, na mawakala hawakutosha. Nchini India M-Pesa ya Vodafone ilianza 2013 ikaisha 2019. Romania ilianza 2014 ikaisha 2017. Vodafone haikupungukiwa na ukubwa kokote kati ya huko.

Wengine watageuza hoja upande wa pili, wakisema nimeidharau mno teknolojia. Nakiri kwamba uamuzi wa kuiweka orodha ya M-Pesa ndani ya laini yenyewe ulikuwa wa busara kubwa. Ilifanya kazi kwenye simu ya tochi, bila intaneti, kwa namba ya siri iliyosafiri imefichwa. Huduma iliyohitaji simu ya bei kubwa ingewafikia watu walewale waliokuwa na benki. Lakini uzuri wa uamuzi huo ulikuwa katika kumjua mtumiaji, na mbinu yenyewe ilikuwa wazi kwa kila kampuni yenye laini zake. Zain ilipoleta huduma yake ya pesa, Zap, nchini Kenya mwaka 2009, mtambo wake ulifanya kazi na kutuma kulikuwa rahisi kuliko kwa M-Pesa. Ila Zap ilimwachia wakala amtoze mteja mwenyewe ada ya kutoa, kampuni ikipendekeza bei tu, na mteja hakuwa na hakika atakatwa kiasi gani akifika dukani. Wakala alitafutwa wakati wakala mzuri alikuwa tayari ameshachukuliwa.

Na alikuwa amechukuliwa kwa mkataba. Hapa ndipo sifa ninazoimwagia Safaricom zinapofika ukingoni. Mkataba wa wakala wa M-Pesa ulimkataza kumhudumia mpinzani. Duka lililopakwa kijani halikuruhusiwa kuweka bango jekundu kando yake, hata kama mwenye duka, mtaji wake na daftari lake vilitosha kwa yote mawili. Airtel, iliyorithi wateja wa Zain, ililalamika mwaka 2012, na Julai 2014 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ikaagiza mawakala wafunguliwe. Mwaka huohuo Equity Bank ilipotaka kuingia sokoni kwa laini nyembamba ya kubandikwa juu ya laini nyingine, Safaricom ilipinga kwa hoja ya usalama. Mdhibiti wa mawasiliano akairuhusu. Kutuma pesa moja kwa moja kutoka akaunti ya mtandao mmoja kwenda mwingine kulisubiri hadi Aprili 2018, miaka 11 baada ya uzinduzi.

Utetezi wa kampuni unajulikana, na si wa kupuuzwa. Safaricom ndiyo iliyolipa kamisheni kabla faida haijaonekana, ndiyo iliyowafundisha mawakala na kuwakagua. Kwa nini mpinzani aje avune asipopanda? Kwa miaka ya mwanzo naukubali utetezi huo. Bila uhakika wa kurudisha gharama, hakuna kampuni ambayo ingejenga mtandao ule. Lakini kurudisha gharama kuna kikomo, na kikomo hicho kilipita mapema kuliko 2014. Tena Tanzania ilionyesha njia nyingine. Huko wakala hakufungwa na kampuni moja. Kibanda kimoja kilivaa rangi za mitandao yote, na simu za huduma zikapangwa mezani. Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana kuunganisha huduma zao kuanzia 2014, na Vodacom ikajiunga 2016. Mwaka 2014 Tigo ilianza hata kuwagawia wateja wake faida iliyotokana na fedha zao zilizokaa benki. Biashara haikufa kwa sababu milango ilikuwa wazi. Makampuni yalilazimika kumbembeleza mteja kwa bei na huduma.

Benki Kuu ya Kenya ilistahili pongezi kwa subira yake ya 2007. Serikali ilikosea kuendelea na subira ileile miaka ilipokwenda, kwa sababu wakati huo kila mwaka uliopita uliongeza kitu ambacho amri ya baadaye isingeweza kukirudisha: kumbukumbu. Novemba 2012 Safaricom na Commercial Bank of Africa zilizindua M-Shwari, mkopo wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5, ukitolewa kwa kuangalia jinsi mteja alivyotumia simu na M-Pesa yake. Januari 2019 ikaja Fuliza, inayomruhusu mteja kumaliza muamala ingawa salio halitoshi. Mkopeshaji mpya anaweza kumpata wakala, anaweza hata kumpata mteja; historia ya miamala ya mteja huyo kwa miaka mitano hawezi kuipata. Ndoto ya yale majaribio ya Faulu, mkopo kwa njia ya simu, ilitimia hatimaye, safari hii mikononi mwa yule aliyekwisha kulishika soko.

Nchi zinazoandika leo kanuni za pesa za simu, kuanzia Ethiopia ambako Safaricom ilizindua M-Pesa mwaka 2023, zina mfano wa kutosha wa kusomea. Anayejenga mtandao wa mawakala apewe muda wa kujilipa, na tarehe ya kumalizika muda huo iandikwe kwenye leseni kabla hajapaka rangi duka la kwanza. Kenya haikuiandika. Mwaka 2023, miaka tisa baada ya mawakala kufunguliwa na mitano baada ya mitandao kuunganishwa, zaidi ya akaunti tisa katika kila kumi za pesa za simu nchini humo zilikuwa bado za M-Pesa.